Dumu la mafuta jikoni: tuhesabu linakwisha kwa siku ngapi

Miongoni mwa vitu vinavyoingia katika kila nyumba bila kuulizwa vilikotoka, mafuta ya kupikia yako mstari wa mbele. Mama humtuma mtoto dukani akanunue ya kupima, mtoto hurejea na kichupa chake, kitunguu hukaangwa na siku hupita. Wiki hii tumeona ni vyema tuyafuatilie mafuta hayo hadi yanakotoka, kwani hesabu ya mafuta ya nchi nzima mwisho wake ni sahani zetu.

Wataalamu wanapotaka kujua nchi ina mafuta kiasi gani ya kula, hawapiti nyumba kwa nyumba. Huchukua yaliyozalishwa ndani, wakajumlisha yaliyoagizwa, kisha wakatoa yaliyouzwa nje, yaliyopotea na yaliyotumika kwa mambo yasiyo chakula, kama vile sabuni. Kinachobaki hugawanywa kwa idadi ya watu na kwa siku za mwaka. Jawabu huwa ni wastani wa kila mtu kwa siku. Lakini wastani huficha mengi: hauonyeshi nani amekula hadi kuugua na nani amelala na ugali mkavu.

Tuchukue hesabu ya nchi yetu ya Tanzania. Miaka michache iliyopita, takwimu zilizotajwa mara nyingi na viongozi wa Serikali zilionyesha kwamba mahitaji ya mafuta ya kula yalikuwa takribani tani 570,000 kwa mwaka, ilhali uzalishaji wa ndani ulikuwa kama tani 205,000. Pengo la tani 365,000 lilizibwa na meli, na sehemu kubwa ya shehena hizo ni mawese kutoka Indonesia na Malaysia. Tukizigawa tani 570,000 kwa watu wapatao milioni 57 wa wakati ule, kila mmoja hupata kilo 10 kwa mwaka, sawa na gramu 27 kwa siku.

Haikuwa hivi zama za wazee wetu. Watu wa pwani walipata mafuta katika tui la nazi na katika ufuta. Wafugaji walikuwa na samli, Kigoma ilikuwa na mawese yake mekundu, na penginepo karanga zilitwangwa zikaungwa katika mboga. Mafuta yalikuwa jasho la mtu: nazi ikunwe, karanga zimenywe, maziwa yasukwesukwe. Kazi hiyo yenyewe ilikuwa kizuizi, kwani hapakuwa na mtu wa kukuna nazi 10 ili akaange vitumbua. Baadaye minazi ya pwani ilizeeka, na mingine ikanyong'onyea kwa maradhi. Katika mikoa kama Singida na Dodoma alizeti ilishika kasi pamoja na mashine ndogo za kukamua. Juu ya yote hayo yakaja mafuta ya meli, tayari na bila jasho.

Wala si jambo geni kwa mafuta kuwa suala la dola. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilipopungukiwa mafuta ya kula, ilianzisha mwaka 1947 mradi mkubwa wa karanga katika Tanganyika, kuanzia Kongwa na baadaye Urambo na Nachingwea, ili Waingereza wapate majarini. Mvua haba, udongo mgumu na mitambo iliyoharibika vikaushinda mradi huo, ukafutwa mwaka 1951 baada ya kuteketeza mamilioni ya pauni.

Basi afya inaingia wapi? Mwili hauwezi kuishi bila mafuta. Bila mafuta, vitamini A, D, E na K hazifyonzwi vizuri, na mtoto mdogo huyahitaji zaidi ili akue. Kwa hiyo kule ambako chakula ni kikavu, kijiko cha mafuta katika uji au mboga ya mtoto ni tiba. Lakini gramu moja ya mafuta ina nishati ya kalori 9, zaidi ya mara mbili ya gramu moja ya wanga. Shirika la Afya Duniani linashauri kwa watu wazima kwamba nishati itokanayo na mafuta isizidi asilimia 30 ya nishati yote, na ile ya mafuta yenye tabia ya kuganda isizidi asilimia 10. Mafuta ya nazi kwa sehemu kubwa ni ya aina hiyo ya kuganda, mawese ni karibu nusu, na alizeti ni kama sehemu moja kati ya tisa.

Aina ya mafuta ina uzito wake, na jirani zetu wa Bahari ya Hindi ni ushahidi. Mwaka 1987, Serikali ya Mauritius ilibadili mafuta ya bei nafuu yaliyotumiwa na wananchi wengi: badala ya kuwa mawese kwa sehemu kubwa, yakawa ya soya. Kufikia mwaka 1992, wastani wa kolesteroli katika damu za watu wazima ulikuwa umeshuka kutoka 5.5 hadi 4.7. Kulikuwa na kampeni nyingine za afya pia, lakini watafiti waliona kwamba mabadiliko ya mafuta yalichangia.

Sisi hatuna uwezo wa kuamua meli ipi itie nanga. Tunalo dumu letu. Lita moja ya mafuta ina uzito wa gramu 920 hivi. Nyumba ya watu watano inayoimaliza kwa wiki moja, kila mtu amekula gramu 26 kwa siku, karibu sawa na wastani tuliouona. Ikiisha kwa siku tatu, kila mmoja amekula gramu 61. Kwa mtu mzima anayehitaji kalori 2,000, mpaka ni gramu 67 kwa mafuta yote, na hapo hatujahesabu tui, nyama, maziwa wala karanga.

Ramadhani ndipo wengi wetu huteleza. Sambusa, bajia na kaimati hukusanyika katika futari moja, na mafuta ya jana hurudishwa jikoni hadi yakawa meusi. Dini yetu imetukataza israfu katika kula na kunywa, na mafuta hayakutolewa katika hukumu hiyo.

Tunapendekeza jambo jepesi. Siku mnapofungua dumu jipya, andikeni tarehe ubavuni mwake. Likiisha, hesabuni siku, gawanyeni kwa watu wa nyumbani, kisha baba na mama mkae mzungumze: la pili lidumu siku ngapi?