Nani Atamtaja Aliyefungwa?

Sogeeni karibu, watoto wa Kibera na wa Kawangware. Hadithi ya leo haina sungura wala fisi. Ni ya watu, na yote ni ya kweli.

Mwaka 1992, kabla hamjazaliwa, akina mama walikusanyika bustani ya Uhuru Park, hapa Nairobi. Wana wao walikuwa wamefungwa kwa kuipinga serikali ya Rais Moi. Wakaketi, wakagoma kula, wakataka wana wao waachiliwe. Profesa Wangari Maathai akaketi nao. Tarehe 3 Machi polisi wakaja na marungu na gesi ya kutoa machozi, wakampiga Wangari hata akazirai. Baadhi ya akina mama wakavua nguo mbele ya askari, na kila aliyelelewa na wazee alijua hiyo ni laana. Walipofukuzwa wakahamia kanisa la All Saints, jirani na bustani. Wakakaa humo karibu mwaka mzima, wakiwataja wana wao kwa kila aliyekuja kuwasikiliza. Kufikia 1993, karibu wafungwa wote waliowapigania walikuwa huru.

Sasa tuelekee kaskazini, tuvuke Ethiopia, tufike Eritrea, kando ya Bahari ya Shamu. Nchi hiyo ilipata uhuru 1993, na rais wake wa kwanza, Isaias Afwerki, hajapata mrithi. Uchaguzi wa kitaifa haujawahi kufanyika. Katiba iliyopitishwa 1997 haijatumika. Mwanafunzi wa sekondari hupelekwa Sawa, kwenye kambi ya jeshi, kumalizia mwaka wake wa mwisho. Sheria inasema utumishi wa taifa ni miezi 18, lakini wengi hushikiliwa miaka na miaka.

Kibera mna Pamoja FM, redio ya mtaa wenu wenyewe. Eritrea hakuna redio wala gazeti lisilo la serikali. Magazeti ya watu binafsi yalifungwa Septemba 2001, na waandishi wake wakakamatwa. Mmoja wao ni Dawit Isaak wa gazeti la Setit. Hajawahi kufikishwa mahakamani. Mama wa Asmara, mji mkuu wa nchi hiyo, akiketi bustanini kumdai mwanawe, anajua naye anaweza kuchukuliwa.

Basi nani atamtaja mfungwa huyo? Ni walio nje. Mwaka 2009, Redio Erena ilianza kutangaza kutoka Paris, sauti ya Waeritrea walio uhamishoni, ikawafikia ndugu zao nyumbani kwa setilaiti. Mwaka 2011, wengine walioko ng'ambo wakaanza kupiga simu ndani ya nchi, kwa watu wasiowajua, wakiwaomba wasitoke nje Ijumaa jioni, ili barabara tupu ziwe maandamano yao. Hebu fikirieni busara ya jambo hilo! Aliyeandamana barabarani anaonekana. Aliyebaki kwake ana kosa gani?

Nanyi mna nafasi yenu. Jifunzeni habari za mfungwa mmoja vizuri, mzisimulie bila kuongeza chumvi, darasani au kwenye baraza la vijana. Andikeni barua kwa serikali inayomshikilia. Shirika la Amnesty International, lenye ofisi hapa Nairobi, limefanya kazi hiyo ya barua tangu 1961.

Lakini Kawangware wanaishi pia wakimbizi kutoka Kongo, Rwanda na Burundi. Pengine mmoja ni jirani yako wa ploti. Akikusimulia alichokikimbia, msikilize. Usimpige picha, wala usisambaze jina lake bila ruhusa, kwa maana jamaa zake waliobaki huko wanaweza kuadhibiwa kwa maneno yake.

Aliyefungwa hutajwa ili asisahauliwe. Aliyekimbia husitiriwa ili watu wake wasidhurike. Anayetaka kutetea haki za wengine na ajifunze yote mawili, na kabla ya kufungua kinywa amuulize mwenye jina, au jamaa zake, wanataka lipi.