Tohara ya Jirani Yetu

Vijana wetu wa Nandagala, huko Ruangwa, wana majirani Wakristo waliotiwa jandoni kama wao, nao huuliza: kwa sheria ipi? Injili ya Luka yasema Nabii Isa, alayhi salaam, alitahiriwa siku ya nane. Paulo, akiwaandikia Wagalatia, akawakataza kutahiriwa. Hata hivyo Askofu Vincent Lucas, aliyeshika uaskofu wa Masasi mwaka 1926, hakulivunja jando la wenyeji: alilitia sala za kanisa. Basi tohara ilibaki kwa nguvu ya mila, si ya Taurati.

Jirani hutujibu kwa Matendo ya Mitume 15, kwamba mitume waliwaondolea watu wa mataifa mzigo huo. Jibu hilo lina uzito, nasi hatulidharau. Lakini mlango huohuo waharimisha damu na mnyama aliyenyongwa. Hukumu hiyo nayo, twauliza, aliyeifuta ni nani?