MSUMENO WA ZAMANI: NANI ALIUTENGENEZA?

Katika nyumba nyingi mna msumeno wa zamani. Pengine ni urithi wa babu. Umeshika kutu, nao umewekwa pembeni. Siku moja hupita mnunuzi wa vyuma chakavu. Hutaja bei ndogo, akauchukua. Mwenye nyumba hajui alichouza.

Msumeno mzuri wa zamani ulitengenezwa kwa chuma cha pua. Ukinolewa kwa tupa, hukata tena. Seremala anaweza kuutumia kwa miaka mingi. Kwa hiyo, kabla ya kuuza msumeno wako, usome kwanza. Ndiyo, hata msumeno una maandishi.

1. Usafishe polepole

Watengenezaji wengi waliandika jina lao katikati ya bamba la msumeno. Herufi hizo hazikuchimbwa ndani sana. Ukisugua kwa msasa wa kukwaruza, utafuta jina. Paka mafuta kwanza, uache kutu ilainike. Kisha zungushia msasa laini kwenye kipande cha ubao ulionyooka, usugue kidogo kidogo. Herufi zikianza kuonekana, acha kusugua.

2. Mahali pa kusoma

(a) Bamba: Laza msumeno mezani. Mpini uwe kulia kwako, na meno yakuelekee wewe. Tazama katikati ya bamba penye mwanga mzuri.

(b) Mpini: Tazama skurubu za shaba. Mara nyingi moja ni kubwa kuliko nyingine, nayo ina maandishi kama sarafu.

(c) Karibu na mpini: Misumeno mingi ya kale ya Uingereza iligongwa jina hapa. Huenda pia ukaona tarakimu, kama 8. Hiyo si mwaka wala bei. Maana yake ni kwamba katika inchi moja mna ncha 8 za meno.

3. Maneno ya sifa si jina

Misumeno mingi ina maneno ya Kiingereza "Warranted Superior". Maana yake ni "bora, kwa dhamana". Viwanda vingi viliyatumia. Hayakuambii nani aliutengeneza msumeno. Wakati mwingine hata jina lililoandikwa ni la duka lililouza, si la kiwanda.

Jina la mji husaidia. Sheffield ni mji wa Uingereza wenye sifa ya kazi ya chuma cha pua. Kiwanda cha Spear & Jackson kilikuwa huko. Philadelphia ni mji wa Marekani. Huko ndiko Henry Disston alikoanza kutengeneza misumeno mwaka 1840.

4. Herufi moja ina maana

Tuchukue mfano wa Disston. Mwaka 1865 alimwingiza mwanawe katika kazi. Jina la kiwanda likawa "Henry Disston & Son", yaani Henry Disston na Mwana. Mwaka 1871 likawa "Henry Disston & Sons", yaani na Wana. Tofauti ni herufi moja tu: S.

Basi msumeno wenye "Son" ni wa kati ya 1865 na 1871. Wenye "Sons" haukutengenezwa kabla ya 1871. Anayesoma kwa haraka hataona tofauti hiyo. Anayesoma herufi kwa herufi ataujua umri wa msumeno wake.

Ndugu msomaji, andika katika daftari kila herufi unayoiona, hata kama neno halijakamilika. Mwonyeshe fundi seremala. Ndipo mzungumzie bei.

MANENO MAGUMU

bamba – sehemu pana ya chuma yenye meno
chuma cha pua – chuma kigumu cha kutengenezea zana
dhamana – ahadi ya kwamba kitu ni kizuri

MASWALI

1. Kwa nini hatusugui msumeno wa zamani kwa msasa wa kukwaruza?
2. Tarakimu 8 karibu na mpini ina maana gani?
3. Msumeno umeandikwa "Henry Disston & Sons". Je, ungeweza kutengenezwa mwaka 1868? Eleza.