Sikio Halitoshi Kulikagua Timba la Duarani

Kila nitajapo utando wa polima ubandikwao juu ya mti ili kuujua uzima wake pasipo kuutoboa, wenye maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo, wa Geita na Shinyanga huniuliza swali lile lile: ya nini taabu hiyo, ilhali fundi huligonga timba, yaani gogo linaloegemeza duara, kwa nyundo akalijua kwa mlio? Swali hili limenichosha, kwa kuwa roho za watu hutegemea jawabu lake. Nani asiyekumbuka Nyangalata, wilayani Kahama, ambako mwaka 2015 wachimbaji watano walitolewa hai baada ya siku 41 ardhini? Sidai kwamba chanzo cha ajali hiyo kilikuwa timba; nasema duara halivumilii dhana.

Gogo lililo tupu kama ngoma hujulikana kwa kugongwa, hilo sibishi. Lakini timba lililokazwa kwa kabari, likabeba mzigo na kunyonya maji, hubadili mlio wake hata likiwa zima, na lile linaloliwa na kuvu huendelea kulia vizuri maadamu ganda lake lingali gumu. Fauka ya hayo, kuvu wa ozo la kahawia huikata selulosi mapema mno, hata mti uliopungukiwa na sehemu moja tu kwa kumi ya uzito wake huweza kuwa umekwisha kupoteza zaidi ya nusu ya uwezo wa kustahimili kishindo. Nao hukatika ghafla, ilhali mti mzima aghalabu hualika kwanza. Anayengoja timba bovu limwonye, anangoja onyo lisilokuja abadan.

Sikio husikia mlio, halipimi muda. Utando huo, ambao tabia yake ya kutoa umeme ufinywapo ilidhihirishwa na Kawai wa Japani mwaka 1969, huweza kuwa mwembamba kuliko unywele, ukalikumbatia gogo la mviringo na kunasa wimbi la nyundo likatizapo upande hadi upande. Katika mti mzima wa upana wa sentimita 20, safari hiyo huchukua takriban sehemu 130 hadi 200 za milioni ya sekunde. Ozo hulilazimisha wimbi kuzunguka, na muda ukizidi kwa theluthi, lishuku sana timba hilo.

Basi bandua gome, gandisha utando pasibaki hewa, kinga nyaya dhidi ya umeme wa pampu, pima shinani na katikati kwa njia mbili zikatanazo, ulinganishe na timba zima la jinsi moja na unyevu sawa. Lenye shaka, lithibitishe kwa keekee nyembamba. Mwamba wenyewe utando hauukagui. Kifaa kimoja chaweza kutumiwa kwa zamu na maduara kadhaa. Asiye nacho abadilishe matimba kwa kalenda, wala asilitoe la zamani kabla jipya halijasimamishwa kando yake.