Kujivunia mtaa si kusifu dhiki

Wahenga walinena kwamba mwacha asili ni mtumwa. Methali hii hunijia kila nisikiapo walimu wakilalamika kuwa muziki wa kufoka huwafunza vijana kuutukuza umaskini.

Hebu tuwatazame Kalamashaka, vijana watatu wa Dandora, mtaa wa Nairobi penye jaa kuu la taka za jiji. Mwishoni mwa miaka ya 1990, wenzao wengi walipokuwa wakiwaiga Wamarekani kwa Kiingereza, wao walifoka kwa Kiswahili cha mtaani, na wimbo wao "Tafsiri Hii" ukavuma kote nchini. Dhiki waliitaja ili isikike. Walichojivunia ni watu walioishi nayo bila kuvunjika moyo.

Hata hivyo, apataye sifa kwa jina la mtaa ana deni kwake. Kalamashaka waliwashika mkono chipukizi wengine, hata likazuka kundi la Ukoo Flani Mau Mau, lililowaunganisha vijana wa Dandora na wa Mombasa.

Basi mwalimu, mwanafunzi akiutaja mtaa wake katika insha, usimkemee. Muulize: ukifaulu, utaurudishia nini?