Ugeni Miongoni mwa Wambuti wa Ituri

Msafiri atokaye pwani yetu akafika Epulu, katika msitu wa Ituri, kaskazini-mashariki ya Kongo, hulakiwa kwa lugha aifahamuyo, maana Kiswahili kilikwisha kumtangulia. Lakini yampasa akumbuke kwamba katika karne ya 19 kiliingia huko na misafara ya pembe na watumwa, ya akina Tippu Tip na wenziwe, wala hakikuingia kwa heri tupu. Kwa sababu hiyo, miongoni mwa wageni wote wapendao kukaa na Wambuti, wenyeji wawindaji wa msitu huo, naona sisi ndio tuwiwao adabu zaidi.

Kambi ihamiapo mahali papya, wanawake ndio wajengao: huchomeka fito kwa duara, wakazipinda na kuzifuma hata zikawa kuba, kisha hulichana kila jani pana la mongongo kwenye kikonyo ili linase katika ufito, wakaanza chini kwenda juu, safu ikilalia safu, hata mvua ya Ituri, nayo ni mvua kwelikweli, isipate pa kupenya. Mgeni aliyejengewa kuba la namna hiyo amekirimiwa. Asitake lililo kubwa kuliko la wenyeji wake, na majani yanyaukapo afuatane nao kuchuma mengine.

Asubuhi, kabla ya kuwinda, huwashwa moto chini ya mti ili kuuridhisha msitu, ambao kwao ni baba na mama. Nyavu huunganishwa zikawa nusu duara. Wanawake na watoto hufukuza wanyama kwa kelele, na paa anaswapo, nyama yake hugawiwa kambi nzima. Mgeni akiambiwa aketi akanyamaze, na aketi.

Kadhalika usiku. Kufapo mtu mkubwa, au mawindo yakikosekana, wanaume huimba molimo usiku baada ya usiku, wakiuamsha msitu ambao, kwa itikadi yao, umelala ukaacha wanawe wakapatwa na mabaya. Kuomba ibada hiyo ichezwe mchana, kwa ujira, mbele ya kamera, ni jambo nisiloweza kulihalalisha asilani.

Lakini msitu wenyewe haumo katika amani. Hifadhi ya wanyama waitwao okapi iliyoanzishwa humo mwaka 1992, na kuingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1996, ilitiwa mwaka uliofuata katika orodha ya mahali palipo hatarini. Na mwezi Juni 2012 watu wenye silaha waliishambulia Epulu, wakaua watu pamoja na okapi 14 waliokuwa wakifugwa pale. Wachimbaji dhahabu nao wangali wakiingia.

Kwa hiyo atakaye kwenda na aulize kwanza usalama wa njia itokayo mji wa Mambasa. Na akijaaliwa kufika, ujira wa kuongozwa na kulazwa autie mkononi mwa Wambuti wenyewe, asiuache kwa wanavijiji wa barabarani ambao tangu zamani wamezoea kusema kwa niaba yao.