Unasaka saa ya kale ya kupamba keja? Anzia Magunga kwa nyanya, na umlipe

UMELIPA kodi, umeweka zulia na zile taa za kubadilisha rangi, lakini kuna ukuta mmoja wa keja ambao bado uko uchi. Kisha ukiwa kwenye simu unakutana na picha ya saa kubwa ya mbao, namba za Kirumi, kidude cha shaba kikibembea chini. Unauliza bei. Jibu linakuja chap chap: "Sh18,000, boss. Ni ya kale kabisa. Tuma nusu kwa M-Pesa nikuwekee."

Usitume bado.

Ikiwa wewe ni mtoto wa Magunga, au una jamaa popote kule Suba Kusini kwenye milima ya Gwassi, huenda saa ya aina hiyo hiyo iko ukutani kwa nyanya. Imesimama saa nne na dakika kumi tangu mwaka ambao hakuna anayeukumbuka. Vumbi imekaa juu yake, kalenda ya kanisa imening'inizwa kando, na nyinyi wajukuu mmekuwa mkiipita tu mkienda kuchaji simu.

Kupamba nyumba kwa saa si mambo ya watu wa Instagram. Salme binti Said, yule binti wa Sultani wa Zanzibar aliyekuja kuitwa Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake mwaka wa 1886. Ndani yake anaeleza jinsi vyumba vya matajiri wa kisiwani vilivyopambwa kwa vioo na saa za kila aina, nyumba moja ikiwa na kadhaa. Saa ilikuwa ya kutazamwa na wageni. Muda wenyewe ulijulikana kwa jua na adhana.

Kwetu ziwani saa zilichelewa kidogo. Reli ilifika Kisumu Desemba 1901. Wamisheni wa Kiadventista walifungua kituo cha Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka wa 1906. Baada ya hapo ndipo kengele ya shule, ratiba ya meli na zamu ya karani zilipoanza kumlazimu mtu kujua dakika. Mwalimu wa misheni, karani wa serikali na mfanyakazi wa reli ndio waliokuwa na sababu ya kurudi nyumbani na saa iliyofungwa kwa blanketi. (Na mshale ukiwa kwenye tatu, nyanya anasoma saa tisa bila hata kufikiria.)

Historia hii itakufaa ukianza kununua. Mtu akikuambia saa yake ilikuwa kwa babu yake huku Nyanza Kusini tangu 1850, jiulize ilipandishwa na nani kutoka Pwani, na kwa njia gani. Labda kuna jibu, lakini adai bei hiyo baada ya kukupa jibu.

Nyuma ya saa

Wanunuzi wengi hutazama uso wa saa. Wewe igeuze. Omba ufunguliwe mlango wa nyuma, au ikiwa unanunua mtandaoni, utumiwe video ya nyuma, saa ikiwa inatembea. Ukiona kisanduku kidogo cha plastiki nyeusi chenye betri moja, hiyo ni saa ya kwatzi. Saa ya kwanza ya mkononi ya aina hiyo kuuzwa ilitolewa na Seiko ya Japani Desemba 1969, na mitambo ya bei rahisi ikaenea miaka iliyofuata. Kwa hivyo hata mbao ikipakwa rangi ya moshi hadi ifanane na jeneza la mfalme, mashine hiyo haiwezi kuwa ya enzi za Malkia Victoria.

Kuna zile za chuma zenye nyuso mbili, zinazotokeza ukutani kama za stesheni, zimeandikwa "Victoria Station 1747, London". Zinapendeza, sikatai. Ila stesheni ya Victoria ilifunguliwa 1860, na mwaka wa 1747 hakukuwa na treni ya abiria popote duniani. Ukiipenda inunue, lakini kwa bei ya pambo jipya.

Saa halisi ya zamani ina magurudumu ya shaba yenye meno, na springi inayojazwa kwa ufunguo. Tundu moja usoni kwa kawaida linamaanisha inaonyesha muda tu. Yakiwa mawili, moja ni la mwendo na la pili ni la kugonga saa. Matatu, jiandae, inaimba pia kila robo saa.

Tafuta maandishi. Sheria ya Uingereza ya mwaka wa 1887 kuhusu chapa za bidhaa ndiyo iliyofanya vitu vya Wajerumani vianze kugongwa "Made in Germany", kwa hivyo saa yenye maneno hayo haiwezi kuwa ya 1860. Ikiwa ni "West Germany", ni ya kati ya 1949 na 1990. Nyota ya ncha nane yenye herufi J ni ya Junghans, kampuni ya Ujerumani iliyoanza 1861. Smiths ni ya Waingereza, Ansonia na Seth Thomas ni za Wamarekani. Jina la kampuni peke yake halitoshi, maana uso wa saa unaweza kubadilishwa. Linganisha jina la usoni na chapa iliyo kwenye bamba la shaba nyuma.

Angalia skurubu pia. Zile zenye kichwa cha msalaba zilianza kuenea baada ya hataza ya Henry Phillips ya 1936. Zikiwa zimejaa kwenye saa unayoambiwa ni ya 1890, kuna mtu amekuwa humo ndani. Huenda ni fundi tu aliyeirekebisha, lakini una haki ya kuuliza ni nini kingine alichobadilisha.

Mbao ipige kofi taratibu juu ya karatasi nyeupe. Ukiona unga laini umeanguka kutoka kwenye vitundu vidogo, wadudu wa mbao bado wanakula, na ukiipeleka kejani watahamia kwa kitanda chako.

Kisha kuna jambo ambalo wauzaji hawalitaji. Saa ndogo za kengele za zamani, hasa zilizotengenezwa kabla ya miaka ya 1970, mara nyingi zilipakwa rangi ya kung'aa gizani kwenye namba na mishale. Rangi hiyo ilikuwa na radiamu. Wanawake waliokuwa wakiipaka viwandani Marekani, wakilainisha brashi kwa midomo, walianza kuoza taya na kufa miaka ya 1920. Leo saa hiyo inaweza kuwa haing'ai tena, lakini kilichochoka ni ile kemikali ya kung'aa. Radiamu yenyewe hupungua nusu baada ya takriban miaka 1,600. Ikiwa kioo ni kizima na huifungui, hatari ni ndogo. Ikiwa kioo kimevunjika na rangi inabanduka, iache dukani, usiiguse, usiipulize vumbi. Na kamwe usiiweke kando ya mto wa mtoto.

Kuhusu maduka, ukifika Mombasa pita Ndia Kuu, Mji wa Kale, karibu na Fort Jesus. Ukivuka hadi Zanzibar, zunguka Gizenga na Hurumzi. Nairobi, wageni wanaohama nchi huuza vyombo vyao vya nyumbani na wakati mwingine saa hutokea humo. Popote pale, lipa baada ya kuiona ikitembea.

Sasa twende kwa nyanya

Tuseme umefika Magunga mwishoni mwa wiki. Umeitoa saa ukutani, umeifungua, ni ya Ujerumani, shaba tupu, haina mdudu. Moyo unakudunda. Hapa ndipo vijana wengi wa mjini tunageuka kuwa madalali.

Nyanya atakwambia iliharibika kwa sababu mtu aliijaza kupita kiasi. Ni imani iliyoenea dunia nzima, na kwa kawaida si kweli. Springi ya saa ikifika mwisho inasimama tu. Saa iliyojazwa na haitembei mara nyingi ina mafuta yaliyokauka na kuwa gundi, na inahitaji kuoshwa na fundi na kutiwa mafuta mapya. Unajua hilo sasa, naye hajui. Ukiitikia kwa kichwa, "Ni kweli Dani, hii imekufa, wacha nikutolee takataka," umemwibia.

Na suala la mwenyewe ni nani si la kubahatisha. Kama jaduong' alifariki bila kuacha wasia, Sheria ya Urithi ya Kenya, kifungu cha 35, inampa mjane vyombo vya nyumbani moja kwa moja, na tafsiri yake ya vyombo hivyo inataja fanicha, picha na mapambo. Saa ya ukutani iko humo. Si ya mwanawe wa kwanza, si ya ami aliyezoea kukaa kwenye kile kiti, na si yako kwa sababu wewe ndiye uliyeithamini. Kama mzee alikuwa na wake zaidi ya mmoja, kifungu cha 40 kinagawa vyombo kwa kila nyumba kulingana na idadi ya watoto, mjane aliye hai akihesabiwa pia. Hapo utalazimika kuongea na nyumba zote kabla ya kugusa msumari. Kuchukua mali ya marehemu bila idhini ni kosa chini ya kifungu cha 45, hata kama wewe ni mjukuu kipenzi.

Lipa kiasi gani? Kipimo changu ni hiki: ile bei ambayo ungempa mgeni Nairobi kwa saa kama hiyo ikiwa imesimama, toa gharama ya fundi, kinachobaki ni cha nyanya. Umpe mkononi, mbele ya watu, na uandike kikaratasi. Usitarajie utajiri. Saa nyingi za karne ya 20 zilitengenezwa kwa wingi viwandani, na wafanyabiashara wengi huita kitu cha kale kikifikisha miaka 100. Hii ya nyanya pengine ni ya zamani tu. Lakini ni saa ambayo historia yake unaijua, jambo ambalo muuzaji wa Sh18,000 hawezi kukupa.

Na akikataa, amekataa. Lipia fundi aiamshe ikiwa pale pale ukutani, na ununue ile ya chuma ya stesheni kwa ajili ya keja.

Binamu yako aliye ughaibuni akikuomba umtumie ya kale kweli, tahadhari. Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 inahesabu kitu chochote kinachobebeka kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895, isipokuwa vitabu na nyaraka, kuwa turathi. Hakitoki nchini bila kibali.

Kuisafirisha na kuitundika

Ukikubaliwa kuichukua, toa ile pendulamu kabla ya kupanda matatu. Barabara ya milima itaibembeza hadi ivunje kile kibamba chembamba cha chuma kinachoishikilia, na hicho ndicho kigumu kupata. Ifunge kando kwa kitambaa, saa yenyewe uipakate ikiwa wima. Usimpe makanga aiweke juu.

Usiinyunyizie mafuta ya kupikia, mafuta ya taa wala dawa ya kopo ya kulegeza kutu. Mpelekee fundi wa saa, si fundi wa redio, na usijaribu kuifungua mashine mwenyewe. Springi iliyojazwa ikifyatuka hukata vidole.

Itundike mbali na jua, jiko na ukuta wa bafu. Kisha sikiliza. Inapaswa kusema tik na tok kwa nafasi sawa. Ikichechemea, tik-tok, tik-tok kama mtu mwenye kiatu kimoja, haijakaa sawa: isukume chini yake kidogo kushoto au kulia mpaka mlio ulingane. Ikiwahi, teremsha uzito wa pendulamu kwa kuzungusha ile nati ya chini. Ikichelewa, upandishe. Zungusha kidogo, ngoja siku nzima, pima na simu yako, rudia. Nyingi hujazwa mara moja kwa wiki, kwa hivyo chagua siku, tuseme Jumapili.

Ufunguo? Muulize nyanya kabla hujaondoka. Kuna uwezekano mkubwa uko kabatini, ndani ya kikopo cha vifungo na sindano. Ukikosekana, pima kwa milimita upana wa ile pini ya mraba iliyo ndani ya tundu, maana funguo za saa huuzwa kwa ukubwa, na ukibahatisha utaagiza mara tatu.